Upepo Usio na Dirisha

"Unamuuzia nani hewa, mzee?"

Bi Miwani aliliuliza swali hilo kwa sauti ya juu, mlango wa chumba cha kompresa ukiwa wazi, na mafundi cherehani wawili wamesimama kizingitini wakijifanya wanatafuta bisibisi. Alikuwa na sababu ya kupaza sauti. Kabla ya kuanza kukodiwa na wenye viwanda alikuwa mpelelezi wa polisi, na huko alijifunza kwamba mtu akiulizwa mbele ya wenzake hukasirika, na akikasirika husema.

Mzee Kompresa hakukasirika. Alichukua kitambaa chake, kile cha flana kilichokatwa kutoka shati la zamani, akafuta kioo cha geji ya kupimia hewa ambacho hakikuwa na vumbi hata chembe. Akakikunja kitambaa mara mbili, akakitia mfukoni.

"Simuuzii mtu," alisema.

"Na mpira huu unaotoka ukutani kwenda nje, unakwenda wapi?"

"Nje."

Mafundi kule mlangoni wakacheka puani. Bi Miwani hakucheka.

"Nje kuna fundi pancha. Na fundi pancha anahitaji hewa kama mtoto anavyohitaji maziwa. Wewe unayo, yeye hana. Mimi si mtoto, mzee wangu."

Mzee aliinamisha macho. Ile mashine yake, kubwa kama ng'ombe aliyelala, imepakwa rangi ya buluu na kung'arishwa mpaka pembe zake, ilikuwa ikinguruma mgongoni mwake. Ndiyo iliyokuwa inapeleka hewa ya nguvu kwenye mabomba ya kiwanda kizima: hewa ya kubana kola, hewa ya kukatia nyuzi, hewa ya kupulizia vumbi la pamba. Na ndiyo iliyokuwa inakula umeme kuliko mashine nyingine yoyote mle ndani.

Kesi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza. Kiwanda kilishona mashati. Mwaka uliopita Injinia wa kiwanda alifanya kampeni ya kubana matumizi ya umeme. Akabadilisha taa zote, akang'oa mafeni, akabandika makaratasi ya kukumbusha watu kuzima. Akapewa tuzo ya kioo. Lakini badala ya bili kushuka, ikapanda, na mwezi baada ya mwezi iliendelea kupanda. Meneja akasema hapa kuna mwizi. Vipimo vikaonyesha umeme unaishia kwenye kompresa, na kompresa ilikuwa na mtu mmoja tu. Wenye kiwanda walikuwa wanakuja jioni hiyo hiyo. Kama Bi Miwani asingeleta jibu jingine, mzee angefukuzwa mbele yao, apelekwe kituoni, na kiinua mgongo alichokisubiri tangu ujana wake kipotee.

"Mzee," alisema Bi Miwani, sasa kwa sauti ya chini, "sema neno. Kukaa kimya hakukusaidii."

"Mimi nimeshasema. Simuuzii mtu."

"Basi hewa inakwenda wapi?"

Hapo ndipo alipoona kitu. Mzee alifungua mdomo, akageuza uso kidogo kuelekea jengo la pasi lililoko ng'ambo ya uwanja, kisha akaufunga mdomo kama mtu afungaye sanduku. Masikio yake yakawa mekundu.

Bi Miwani aliyaona masikio yale, akajiambia: huyu ana hatia.

Akatoka akazunguka ukuta. Nje, kivulini mwa bati moja, fundi pancha alikuwa amekanyaga pampu ya mguu, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni, anajaza tairi la baiskeli. Ule mpira wa ukutani ulikuwa umening'inia juu ya beseni lake. Bi Miwani aliushika, akauweka karibu na shavu. Hakukuwa na hewa. Kulikuwa na tone la maji, kisha tone jingine.

"Ndiyo maji yangu ya kutafutia matundu hayo, mama," alisema fundi pancha bila kusimamisha mguu. "Yule mzee mashine yake inatoa maji, ananiachia. Ningekuwa na hewa ningekuwa nakanyaga hivi? Mguu huu umekuwa mnene kuliko mwenzake, tazama!"

Bi Miwani aliutazama. Kweli, ulikuwa mnene. Akarudi ndani kwa njia ndefu, asipite tena mbele ya wale mafundi wawili, maana walikuwa wameshaanza kusambaza habari ya mzee anayeuza hewa, na yeye ndiye aliyewapa.

*

Kengele ya chakula ilipolia alimwomba Meneja kitu kimoja: mashine zote zizimwe, kompresa iachwe ikiwaka.

"Ili iweje?" aliuliza Meneja. Alikuwa mtu mzito wa mwili, mwenye tabia ya kujipepea na faili.

"Kama hakuna anayetumia hewa, tangi litajaa na kompresa itanyamaza. Isiponyamaza, kuna mahali inavuja."

Kiwanda kikatulia. Cherehani zikakata sauti, mikasi ya umeme ikakata sauti, mpaka ukasikia watu wakifungua mabakuli yao ya chakula. Kompresa ikanguruma, ikajaza tangi, ikanyamaza. Bi Miwani akasubiri. Haukupita hata muda wa mtu kumenya ndizi, ikashtuka tena, ikanguruma. Ikanyamaza. Ikashtuka. Ilikuwa kama mtoto mwenye homa, kila ukidhani amelala anaamka analia.

Mzee Kompresa alikuwa amesimama karibu nayo, mikono nyuma.

"Fungeni koki ya chumba cha kukatia," alisema Bi Miwani.

Mzee akaifunga. Kompresa ikaendelea vile vile.

"Ya chumba cha kushonea."

Ikafungwa. Vile vile.

"Ya pasi."

Mzee hakusogea. Akawa anaitazama ile koki kama vile kuna nyoka amejizungusha juu yake. Ilibidi Bi Miwani aifunge mwenyewe. Kompresa ikajaza tangi, ikanyamaza, na mara hii ikanyamaza kabisa. Kimya kile kikawa kizito mpaka Meneja akaacha kujipepea.

"Kwa hiyo hewa haitoki nje ya ukuta," alisema Bi Miwani. "Inapotelea ndani, kwenye pasi. Hakuna anayeiuza."

"Basi ameharibu mabomba," alisema Meneja. "Au anajua aliyeharibu."

Bi Miwani alimgeukia mzee amwulize. Mzee alikuwa ameshatoka.

*

Alipofungua mlango wa chumba cha pasi miwani yake ikaingia ukungu, akasimama kama kipofu mpaka alipoivua na kuifuta na upindo wa gauni. Joto la humo lilikuwa la mvuke, lile la kuinamia sufuria inayochemka. Lilikuwa linakaa kifuani. Madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari, masizi ya barabarani yasichafue mashati meupe. Darini yalibaki matundu ya skrubu mahali yalipong'olewa mafeni. Koki zilikuwa zimefunguliwa tena, na wanawake walikuwa wamekwisha kula, wamerudi kwenye meza zao, kila mmoja na pasi yake na mashine yake ndogo ya kubana kola, na kila mashine ilikuwa na mpira wa hewa ulioshuka kutoka bomba la juu.

"Karibu, Bi Miwani," alisema mmoja wao, mnene, mwenye meno mazuri, ambaye wenzake walimwita Redio. "Karibu motoni. Ukitaka kuiva upande mmoja, tuambie tukugeuze."

Wengine wakacheka. Hilo jina la Bi Miwani wao ndio waliompachika, siku ile ile ya kwanza.

Alikuwa na kikombe cha povu la sabuni na brashi ya kupaka rangi. Alianza na bomba kuu, akipaka povu kila kiungo, akingoja lifure kama chapati. Halikufura. Akapanda kiti akapaka viungo vya juu. Halikufura. Viungo vilikuwa vimekazwa vizuri, kazi ya mtu anayependa kazi yake. Jasho likamwingia machoni, akaona haya kupanda na kushuka kiti mbele ya wanawake wote wale kama fundi wa kuigiza.

"Mama, unatafuta nini?" aliuliza Redio.

"Mahali hewa inapotoka."

Pasi zikaendelea kupita juu ya nguo, shii, shii, na macho yote yakawa kwenye kola.

Bi Miwani aliketi juu ya kile kiti, akawaza. Yeye alikuwa amelowa mgongo mzima kwa muda mfupi tu. Hawa wanashinda humu. Basi mbona yule wa meza ya mwisho, mwembamba, aliyejifunga kitambaa cha manjano kichwani, ncha ya kitambaa chake ilikuwa inapepea? Madirisha yamepigiliwa. Feni hakuna. Upepo ule ulikuwa umepita mlango gani?

Alipoinuka kuelekea kule, mkono wa yule mwanamke ulishuka haraka chini ya meza. Ncha ya kitambaa ikalala.

Akafika. Akauangalia mpira wa hewa wa meza ile. Palikuwa na pini imechomekwa, pini ya kichwa chekundu, ile ile inayotumika kushikia kola za mashati. Alipoingia aliziona pini kama hizo kwenye mipira ya meza zote, akadhani ni mazoea tu ya watu wa nguo, ambao huchomeka pini popote, hata kwenye mikono ya magauni yao. Sasa aliipaka povu. Likafura, likapasuka, likafura tena. Akaivuta pini. Ilikuwa imezungushiwa uzi mwingi ili izibe vizuri, na chini yake palikuwa na tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto. Upepo baridi ukampiga usoni, mtamu, mpaka akafumba macho bila kutaka.

Akaenda meza iliyofuata. Pini, uzi, tundu. Na iliyofuata. Na ya Redio.

"Nani alianza?" aliuliza.

"Joto," alisema Redio, bila kucheka.

"Mmeambiwa kwamba kuna mtu atafukuzwa kwa ajili ya hii?"

"Tumesikia mzee anauza hewa kwa fundi pancha," alisema mwanamke mwingine. "Wanasema wewe ndiye uliyesema."

Bi Miwani akarudi kwenye meza ya mwisho, maana yule mwenye kitambaa cha manjano alikuwa amesimamisha pasi juu ya shati na nguo imeanza kunuka kuungua.

"Dada, shati."

Yule mwanamke akainyanyua pasi. Kwenye kifua cha shati palibaki alama ya kahawia. Aliitazama alama ile, akasema bila kuinua kichwa:

"Yule mzee ni baba mkwe wangu. Mimi nimeolewa na mwanawe."

"Anajua habari ya matundu?"

"Anajua." Akakunja mkono wa shati, akaukunjua. "Alisikia hewa inapiga mluzi. Akaja wakati wa chakula kuitafuta. Wenzangu walikuwa nje, mimi nimebaki peke yangu. Nilikuwa nimefungua... nilikuwa najipuliza hapa." Akagusa vifungo vya blauzi yake, vyote vimefungwa mpaka shingoni. "Sikusikia mlango. Nilipogeuka, alikuwa amesimama pale ulipoingilia wewe."

"Akasema nini?"

"Aseme nini? Baba mkwe, mama! Aligeuka akatoka, akagonga bega kwenye mlango. Tangu siku hiyo hali chakula nikiandaa mimi. Anasema ameshiba. Akirudi nyumbani anaanza kukohoa tangu getini ili nijue anakuja. Mume wangu ananiuliza, umemfanya nini baba? Mimi nilidhani ananichukia. Nilidhani atanisema kwa Meneja. Kumbe kwake kuitwa mwizi ni bora kuliko kuulizwa alijuaje."

Bi Miwani alikumbuka yale masikio mekundu. Aliyasoma akayakosea, yeye aliyejisifu kwa kusoma nyuso za watu. Alitaka kumshika yule mwanamke bega, akaona mkono wake umejaa povu, akauacha.

*

Ofisi ya Meneja ilikuwa na kiyoyozi. Baridi ya mle ilimfanya Bi Miwani atetemeke ndani ya gauni lake lililolowa. Meneja alikuwa nyuma ya meza, Injinia pembeni, kijana nadhifu wa tai, na ile tuzo ya kioo ikiwa kwenye kabati nyuma yake. Mzee Kompresa alisimama karibu na mlango, ameombwa kukaa akakataa.

Bi Miwani akaeleza. Akasema hewa inatokea kwenye mipira ya chumba cha pasi, kwamba tundu la msumari halionekani kuwa kitu, lakini matundu ya chumba kizima yanaiamsha kompresa usiku na mchana, pini ikiwa imevutwa au imechomekwa.

"Wametoboa kwa nini?" aliuliza Injinia. "Hiyo ni hujuma!"

"Kwa joto. Mafeni yaling'olewa."

"Mafeni yalikuwa yanakula umeme! Ndiyo maana niliya..." Akasita. Kila aliyekuwa mle aliona hesabu ikimpanda kichwani, polepole, na kumteremkia usoni. Kutengeneza upepo kwa kompresa ni kama kupikia maji ya chai kwenye tanuri la matofali. Alikuwa ameondoa kinachokunywa kijiko, kikaja kinachokunywa ndoo. Akaishika tai yake kana kwamba imemkaba.

Meneja hakuwa amemaliza. "Mzee. Ulijua au hukujua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza mwaka mzima? Basi kama si mwizi ni mshirika. Kwa nini hukusema?"

Mzee alitazama sakafu. Kitambaa cha flana kilikuwa mkononi mwake, anakikunja na kukikunjua.

Bi Miwani alikuwa na jibu mdomoni. Neno moja lingemwokoa. "Aliingia akamkuta..." alianza, na mzee akainua macho. Hayakuwa macho ya kuomba. Yalikuwa ya mtu anayevuliwa nguo hadharani na anajua hana mikono ya kujifunika. Asubuhi alikwisha kumvua mara moja mbele ya mafundi. Akaivua miwani, akaanza kuifuta kwa upindo wa gauni.

"Alimkuta nani?" aliuliza Meneja.

Mlango ukabishwa na kufunguliwa kwa pamoja. Yule mwenye kitambaa cha manjano alikuwa mbele, mpira wake wa hewa mkononi, ameuchomoa kwenye bomba, pini yake ikiwa bado imechomekwa. Nyuma yake Redio, na nyuma ya Redio wote wa pasi, wamejazana kwenye ukumbi mpaka ngazini.

Hakumtazama baba mkwe wake. Naye mzee aligeukia ukuta, akasimama akiutazama kama mtu anayesoma.

"Tulitoboa sisi," alisema mkamwana. Alisema akielekea ile meza, si watu. "Tulikuwa tunafungua vifungo na kujipuliza. Mzee alikuja kutafuta hewa, akatukuta. Akaona haya kusema. Nasi tukaona haya kusema. Hakuna kingine."

"Ninyi nani?" aliuliza Injinia. "Nani hasa alikutwa?"

"Sisi," alisema Redio kwa sauti ya kujaza jengo. "Sote. Pamoja na mimi, na mimi nikifungua vifungo si jambo dogo, kaka yangu. Unataka tueleze zaidi?"

Hakutaka. Meneja alikuwa ameliokota faili lake ajipepee, akakumbuka kwamba chumba kina baridi, akaliweka chini. Halafu akaenda kwenye ukuta akakizima kiyoyozi, sijui kwa nini, maana hakikuwa kimemsaidia mtu wala kumdhuru. Lakini alikizima, na akabaki amesimama pale, mgongo kwa watu.

"Injinia," alisema, "mafeni yako wapi?"

"Stoo."

"Yafungwe kabla wenye kiwanda hawajafika. Na mzee... mzee arudi kwenye mashine yake."

Hakusema samahani. Hakuna aliyeitegemea.

*

Jioni ilipokaribia mafeni yalikuwa yanazunguka darini, mengine yakilia kama milango mibovu. Mzee Kompresa alikwenda meza moja hadi nyingine na utepe wa mpira na mkasi, akiziba matundu. Bi Miwani alimfuata.

"Mzee wangu," alianza, "asubuhi nilikuuliza vibaya. Mbele za watu. Nime..."

"Shika kikombe," alisema mzee.

Akakishika. Mzee akaziba, Bi Miwani akapaka povu, wakatazama pamoja kama litafura. Halikufura. Wakaenda meza ya pili. Kila alipotaka kurudi kwenye maneno yake, mzee alinyoosha mkono apewe brashi, na yeye akampa. Redio alipotaniwa na wenzake, mzee alitabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Walipofika karibu na meza ya mwisho, mzee alisimama. Mkamwana wake alikuwa amewapa mgongo, anakunja mashati yaliyokwisha kunyooshwa, polepole kuliko ilivyohitajika. Mzee alikata kipande cha utepe, akakipima kwa kidole. Akampa Bi Miwani.

"Hili ziba wewe."

Bi Miwani akainama chini ya ile meza, kwenye mpira uliokwisha kurudishwa mahali pake. Mikono yake haikuwa na ufundi. Utepe ulikwenda upande, akaubandua, akaanza upya. Akazungusha, akakaza, akapaka povu, akangoja. Ng'ambo ya uwanja kompresa ikavuta pumzi ya mwisho, ikanyamaza.

Mzee alikuwa ameugeukia ukuta. Alikohoa, kile kikohozi chake cha getini.

"Jioni nitakuwa na njaa," aliuambia ukuta.

Mashati yaliacha kukunjwa.

"Ndiyo, baba," alijibu mkamwana, naye hakugeuka.

Bi Miwani alibaki amechuchumaa kati yao chini ya meza, kikombe mkononi, akilitazama lile povu muda mrefu baada ya kuwa hakuna tena cha kutazama.